Baada ya Kuvaa Joho

Tafakari ya wiki
Masomo: Hesabu 27:1–11, Luka 10:25–37, Tito 3:13

Kila mawakili wapya wanapokubaliwa na kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, Jumapili inayofuata huwa na sadaka za shukrani. Wazazi husogea madhabahuni na kijana wao, mashangazi wakiwa wameshona kitenge kimoja, wajomba wakiwa wamefika kwa basi la usiku, na mama anashika kipaza sauti kusimulia jinsi ada ilivyopatikana: ng'ombe waliouzwa, mkopo wa vikoba, kipande cha shamba kilichowekwa rehani. Kwaya inaimba, tunapiga makofi, tunamwombea wakili wetu. Furaha hiyo ni ya haki, na nisingependa mtu yeyote aipunguze.

Miezi michache baadaye vijana haohao huanza kuja ofisini kwa mchungaji, mmoja mmoja, mara nyingi jioni. Ya ofisini hubaki ofisini, kwa hiyo nayasema kwa ujumla tu. Wapo wanaobeba majalada ya wakili mwandamizi kutoka mahakama hii hadi ile, na malipo yao ni nauli. Wapo ambao wamefanya usaili wa serikali tena na tena, majina yao hayatoki. Wapo walioajiriwa mahali pazuri, mshahara unaingia kila mwezi, nyumbani wanajivunia, lakini Jumapili jioni matumbo yanawakata kwa kuikumbuka Jumatatu. Wote, kwa maneno yanayokaribiana, huniuliza jambo lilelile: "Mchungaji, nitajuaje kama hapa ndipo Mungu aliponitaka?"

Swali hilo linastahili kupewa wiki nzima, kwa sababu najua jibu ambalo kanisa huwapa haraka. Tunawaambia waombe, wavumilie, Mungu atafungua mlango. Ni kweli kwamba Mungu hufungua milango. Lakini mwanasheria kijana ana milango mingi mbele yake ambayo tayari iko wazi nusu, na shida yake hasa ni kwamba hajawahi kufundishwa namna ya kuchungulia ndani kabla ya kuingia.

Tuikumbuke njia waliyoipitia. Ni miaka ya shahada, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 ili kila anayetaka kuwa wakili apite kwanza kwenye mafunzo ya kazi yenyewe. Wengi mnakumbuka kishindo cha mwaka 2022, ilipojulikana kwamba katika mkupuo mmoja wanafunzi 26 tu kati ya 633 walifaulu mitihani yote bila kurudia, hadi serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Sitaingia katika ubishi wa nani alaumiwe. Ninachokiona mimi, nikiwa mchungaji, ni kwamba mtu aliyepenya tundu dogo kiasi hicho hutokea upande wa pili akiwa amezoea kuulizwa swali moja tu, kama amefaulu au hakufaulu. Tangu darasa la kwanza hakuna aliyemwuliza ni watu gani huwasikiliza bila kuchoka, ni aina gani ya kazi humfanya asahau njaa, wala ni jambo gani likimpata mwenzake yeye hukosa usingizi. Sasa amevaa joho, na maswali yote hayo yanamjia kwa pamoja.

Katika Injili ya Luka, aliyesimama kumjaribu Yesu, kisha akauliza jirani yake ni nani, alikuwa mwanasheria. Alikuwa mtaalamu wa Torati, hakuwa wakili wa kesi kama hawa wetu, lakini kila aliyesoma sheria anaijua namna yake ya kuuliza. Alitaka mpaka. Jirani ni nani, anaanzia wapi na kuishia wapi, ili wajibu wangu nao ujulikane unapoishia. Bwana Yesu hakumchorea mpaka. Alimsimulia habari za mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia ya kuteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, na wale watatu waliompita au kumsogelea, kisha akamgeuzia swali: katika hao watatu, ni yupi aliyekuwa jirani wa yule aliyeumizwa?

Vijana wetu huuliza kama alivyouliza yule mtaalamu. Wanataka kujua nafasi: uwakili wa kujitegemea au uhakimu, ofisi ya serikali au benki, shirika la haki za binadamu au kurudi chuoni kufundisha. Wanazilinganisha kama mtu anayechagua kiti kwenye basi. Ninapowasikiliza, najaribu kuligeuza swali kama Bwana alivyoligeuza, na kuwauliza: ni shida ya nani unayoweza kuibeba mwaka hadi mwaka, hata katika zile siku ambazo hakuna wa kukushukuru? Nimeona mara nyingi kwamba kijana ambaye hana la kusema kuhusu nafasi ana mengi ya kusema kuhusu watu. Anamkumbuka mjane aliyetolewa nje na mashemeji msiba haujaisha. Anamkumbuka fundi aliyejenga nyumba nzima bila karatasi yoyote, akadhulumiwa. Au anamkumbuka mjasiriamali aliyetaka kusajili kampuni yake kihalali, akazungushwa hadi akakata tamaa. Hapo macho yake hubadilika, na mimi huyaangalia macho hayo kwa makini kuliko wasifu wake wa kazi.

Somo letu la kwanza ni kesi kamili, tena kesi ya mirathi. Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakadai kwamba jina la baba yao lisifutike katika ukoo kwa sababu tu hakuacha mwana. Angalieni walivyojenga hoja. Walitangulia kueleza kwamba baba yao hakuwa miongoni mwa waasi wa Kora, maana walijua mtu angeweza kulipinga dai lao kwa njia hiyo. Kisha wakasema wanachokitaka: milki, pamoja na ndugu za baba yao. Musa hakujifanya kujua. Alilipeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema binti hao wamenena haki, kisha sheria ikawekwa kwa Israeli yote. Baadaye, katika sura ya 36, wazee wa ukoo nao walikuja na hofu yao kuhusu ardhi kuhamia kabila lingine, nao wakasikilizwa. Haki haikumalizika siku moja.

Nikilisoma somo hilo nakumbuka shauri la huku kwetu. Mama mmoja wa Kihaya, katika wilaya ya Muleba, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, aliiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilikubaliana naye. Mahakama ya wilaya ikatengua. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984 haziruhusu mwanamke kubaguliwa namna hiyo, na kwamba mauzo yale yalikuwa halali. Uamuzi huo unasomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini, na hata nje ya nchi.

Sasa hesabu ni watu wangapi wa sheria waligusa maisha ya bibi huyo. Jaji ndiye anayetajwa vitabuni. Lakini bila wosia ulioandikwa ukakubalika, jaji angekuwa na kazi ngumu zaidi. Bila hakimu wa wilaya aliyethubutu kuipinga hukumu ya chini, bibi angeingia Mahakama Kuu akiwa ndiye mkata rufaa, na mzee asiye na wa kumtunza angepata wapi nguvu hizo? Bila wale waliokaa miaka mingi kabla wakishindania maneno ya Haki za Binadamu yaingie katika Katiba, kifungu chenyewe kisingekuwepo cha kukisimamia. Kila mmoja wa hao alikaa kwenye kiti tofauti, na wengi wao hawakumwona bibi huyo kwa macho.

Nawaambia hivi wale wanaoamini kwamba mwanasheria wa kweli ni yule tu anayesimama na kuzungumza mahakamani. Sinema zimetudanganya, na familia nazo zimedanganyika pamoja nasi. Kijana akipata kazi ya kuandaa mikataba au kutunga miswada, shangazi huuliza, "Kwani wewe huendi mahakamani?" kana kwamba ameshushwa cheo. Mtu anayeandika kifungu vizuri kiasi kwamba watu hawapati sababu ya kugombana amefanya kazi ya amani ambayo hakuna atakayeiona, kwa kuwa ugomvi wenyewe haukutokea. Namshukuru Mungu kwa watu wa namna hiyo, na ningependa waje nao watoe shukrani madhabahuni.

Yuko mtu mmoja ambaye hakuwa Mkristo, lakini maisha yake yana msaada mkubwa kwa kijana mwenye hofu. Mohandas Gandhi alisomea uwakili London, akarudi India, na katika kesi yake ya kwanza mahakamani Bombay alisimama kumhoji shahidi, maneno yakamkauka kinywani. Alikaa chini, akarudisha ada ya rupia 30, akatoka. Alirudi Rajkot akawa anaandika maombi na malalamiko ya watu, kazi ambayo mawakili waliojiona wakubwa waliidharau. Mwaka 1893 alikwenda Afrika Kusini kwa mkataba wa mwaka mmoja kumsaidia mfanyabiashara Mwislamu kutoka Gujarat katika shauri kubwa dhidi ya ndugu yake. Huko aliketi na vitabu vya hesabu, akazisoma karatasi zote mpaka akawa anaujua ukweli wa shauri kuliko mawakili waliolipwa fedha nyingi. Akaona kwamba kesi ikiendelea, ndugu hao wote wawili watafilisika kwa gharama. Akawashawishi wapeleke mgogoro kwa msuluhishi. Mteja wake alishinda, naye akamwomba mteja huyo ampe mwenzake muda mrefu wa kulipa kidogo kidogo, asije akafedheheka. Gandhi mwenyewe aliandika kwamba hapo ndipo alipojifunza kazi ya kweli ya mwanasheria, kuwapatanisha waliofarakana.

Kijana aliyeshindwa kuhoji shahidi Bombay ni yuleyule aliyesuluhisha Afrika Kusini. Hakuongezewa kipaji kingine njiani. Uvumilivu wa kusoma karatasi alikuwa nao tangu zamani, na huruma kwa pande zote mbili alikuwa nayo pia. Alichokosa ni kazi inayovihitaji vitu hivyo. Kwa hiyo wewe unayetetemeka mbele ya hakimu, usikimbilie kusema Mungu hakukuita katika sheria. Inawezekana kabisa kwamba uko kwenye chumba kisichokufaa ndani ya nyumba iliyo yako. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, mabaraza ya ardhi, meza za usuluhishi mahakamani kwenyewe, zote zinahitaji watu wanaojua kunyamaza na kusikiliza.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko yote, nalo kwenye makongamano ya vijana halitajwi. Kila kiti katika sheria kina kishawishi chake, na anayetafuta mahali pa kufanyia kazi lazima ajiulize ni kishawishi kipi anachoweza kukikataa.

Wakili wa kujitegemea anashika fedha za watu. Fidia ya ajali inapita kwenye akaunti yake, bei ya kiwanja inapita kwenye akaunti yake, na kodi ya ofisi inadaiwa leo. Kukopa kidogo katika fedha ya mteja, kwa nia ya kuirudisha Ijumaa, ndiko kulikowaangusha watu wenye sala nzuri. Tena anaishi kwa ugomvi. Familia inapogombania mirathi, kila ahirisho ni siku nyingine ya malipo, na maneno machache tu ya kuchochea yanatosha kuwafanya ndugu wasizikane. Wakili anayemcha Mungu ataona nafasi ya kuwapatanisha na atajua kwamba akiitumia, jalada litafungwa mapema na mapato yatapungua. Kuna watu wanaoweza kufanya hivyo kwa moyo mweupe mara kwa mara. Kuna wengine ambao, kwa madeni waliyonayo nyumbani, wangekuwa salama zaidi mahali penye mshahara unaojulikana. Kulitambua hilo ni hekima, na aibu haimo.

Hakimu kijana anapangiwa wilaya ya mbali, mara nyingi peke yake, katika mji ambao kila mtu anamwita mheshimiwa. Bahasha ni hatari inayojulikana. Isiyojulikana ni ile ya kuzoea kutopingwa, na upweke unaomfanya mtu atafute marafiki kwa wenye shauri mbele yake. Yethro alipomshauri Musa agawe kazi ya kuamua, katika Kutoka 18, hakuanza na elimu. Alitaka watu wenye uwezo wanaomcha Mungu, watu wa kweli, wanaochukia rushwa. Neno la kuchukia lina uzito, kwa maana anayeikataa rushwa kwa kuogopa kukamatwa siku moja ataona hakuna anayemtazama. Tena Yethro alitaka wawepo wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, na sioni mahali anaposema kwamba yule wa kumi alikuwa na haki ndogo ya kuamua kuliko yule wa elfu. Hakimu wa mahakama ya mwanzo ndiye jaji ambaye Watanzania wengi watakutana naye maishani, na pengine hawatakutana na mwingine.

Mwendesha mashtaka naye hushawishika kuhesabu ushindi. Katiba yetu, katika Ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za sheria, na maslahi ya umma. Kijana anayeumia akishindwa kesi, hata pale ambapo mshtakiwa hakuwa na hatia, ajichunguze sana kabla ya kuomba kazi hiyo. Mwanasheria wa kampuni au wa halmashauri hushawishika kunyamaza, kwa kuwa anayemwajiri ndiye huyohuyo anayepaswa kumwambia kwamba jambo hili haliwezekani kisheria. Na walio katika mashirika ya kutetea wanyonge, ambao nawaheshimu sana, huweza kuishi mwaka mzima kati ya semina na ripoti za wafadhili huku wakimsemea mnyonge ambaye hawajakaa naye hata saa moja.

Kijana akinieleza kwa unyofu udhaifu wake, mimi na yeye huweza kuzungumza vizuri zaidi kuhusu ajira kuliko akinieleza alama zake. Mwenye hasira ya haraka, mwenye kupenda sifa, mwenye kuogopa wakubwa, mwenye familia inayomtegemea kwa kila kitu, kila mmoja ana mahali ambapo neema itamkuta anasimama, na mahali ambapo atakuwa anajiwekea mtego.

Vipi kuhusu yule anayetaka kuiacha sheria kabisa? Sisi Walutheri tuna historia hapo. Baba yake Martin Luther, Hans, aliyetajirika kidogo kwa kazi ya kuyeyusha shaba huko Mansfeld, alitaka mwanawe awe mwanasheria. Martin alianza masomo ya sheria Erfurt mwaka 1505. Mwezi Julai mwaka huohuo radi kali ilimshtua njiani karibu na Stotternheim, akaapa kwamba akiokoka atakuwa mtawa, na baada ya siku chache akaingia monasteri. Baba alikasirika mno. Kwa muda mrefu habari hiyo imesimuliwa kana kwamba radi ndiyo iliyomaliza neno. Lakini mwaka 1521 Luther aliandika kitabu kuhusu nadhiri za watawa na akakitanguliza kwa barua kwa baba yake, ambamo alikubali kwamba nadhiri ile aliitoa kwa hofu na kwamba baba alikuwa na hoja. Hakurudi kwenye sheria. Alifundisha jambo kubwa zaidi, kwamba mtawa hayuko karibu na Mungu kuliko mshona viatu, au mama anayeosha nepi, au mtawala anayeamua kwa haki. Kwamba Mungu huwahudumia watu wake kwa mikono ya wote hao.

Kwa hiyo anayetaka kuacha namsihi asiache katikati ya radi. Miezi ya kwanza ya kazi hii ni ya radi nyingi: bosi aliyefoka mbele ya mteja, jalada lililopotea masjala, hakimu aliyekukemea kwa kukosea kifungu. Subiri anga itulie, kisha uamue. Na ukiamua kuondoka, ondoka ukiwa huru. Mchango wa ada haukuwa mkataba wa kukufunga maisha. Rebeca Gyumi alisomea sheria, vijana wengi wakamfahamu kwanza kupitia kipindi cha televisheni cha Fema. Mwaka 2016 alifungua shauri kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18. Yeye alikuwa mlalamikaji, na wakili mwingine ndiye aliyesimama mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Sidhani kuna mzazi anayeweza kusema elimu yake ya sheria ilipotea.

Wazazi, na ninyi nina neno kwenu. Mmetoa jasho, na hakuna anayelikana. Lakini kijana anapoanza kazi, mnamgeuza kuwa wakili wa ukoo kabla hajaweza kulipa pango. Kila mgogoro wa mpaka kijijini anapigiwa simu, kila ndugu aliyekamatwa yeye ndiye anayetafutwa, na bure. Hawezi kusikia anakoitwa kama simu zote zinatoka kwetu. Mwacheni hata miaka miwili ajaribu, akosee, ahame. Kuhama ofisi mara moja au mbili mwanzoni hakumaanishi kwamba mtoto wenu hana msimamo.

Na vijana, jaribuni kwa miguu. Kila mwaka, kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, kuna Wiki ya Sheria, mahakama huweka mabanda na kutoa elimu kwa wananchi. Nendeni mkakae kwenye banda, mkasikilize watu wanauliza nini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria. Jiungeni nao siku za Jumamosi, mkaone kama mkulima mwenye karatasi zilizokunjwa mara kumi anawachosha au anawaamsha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, na wengi wenu mlisoma sheria yote kwa Kiingereza. Jaribuni kuwaeleza mama zenu hukumu moja kwa Kiswahili, toka mwanzo hadi mwisho. Mwenye kuweza hilo vizuri amepewa zawadi ambayo nchi inaihitaji sasa, na aitafutie mahali. Ukimaliza wiki, kaa mbele za Mungu na umwambie bila kupamba ni saa zipi ulikuwa mzima na ni saa zipi ulikuwa unavizia muda wa kutoka. Hiyo nayo ni sala.

Somo la tatu ni mstari mmoja tu, mwishoni mwa barua kwa Tito. Paulo anamtaja Zena, mwanasheria, pamoja na Apolo, na anaagiza wasafirishwe kwa bidii, wasikose kitu. Hatuambiwi Zena alikuwa na kesi gani, wala kama safari ile ilikuwa ya kisheria au ya Injili. Tunaambiwa wajibu wa kanisa la Krete: chakula cha njiani, nauli, mahali pa kulala. Msharika asome mstari huo akimfikiria kijana wa sheria anayeketi benchi la nyuma na kuondoka kabla ya matangazo.

Kwa hiyo ombi langu la wiki hii liko wazi. Waheshimiwa mahakimu, mawakili na wanasheria wa serikali mlio katika usharika huu, mkiwemo mliostaafu, Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tukutane kwenye ukumbi mdogo pamoja na vijana hawa. Hakutakuwa na mada. Kila mmoja wenu atakaa na vijana wawili au watatu, awaeleze siku yake ya kawaida inavyokwenda tangu asubuhi, pamoja na yale yanayochosha na yale yaliyowahi kumshawishi. Mwenye ofisi na meza iliyo wazi aseme. Anayeweza kumlipa kijana posho ya heshima anapobeba majalada yake, badala ya nauli peke yake, aanze mwezi huu. Mwenye chumba cha uani anachoweza kumpa mmoja wao bila kodi kwa miezi sita aongee na katibu wa usharika. Akina mama wa umoja wameshasema chai na vitafunwa viko juu yao.